Mwaka Tuliojenga Tela la Kulala

Mjomba Lohay alirudi mwezi uliopita, baada ya kukaa kusini karibu umri wote wa mwanangu mkubwa. Alipoingia kwenye karakana yangu hapa Babati alipita moja kwa moja hadi kwenye tela lililokuwa limesimama uani likisubiri rangi, akainama kwa shida huku ameshika kiuno, akachungulia chini. Kisha akanyoosha mgongo akasema, "Ekseli iko mahali pake." Nikamwambia, "Shikamoo, mjomba." Akajibu, "Marahaba, mjomba," kwa maana tunaitana hivyo, yeye na mimi, tangu nilipojua kusema. Vijana wanaofanya kazi kwangu walicheka bila kujua wanacheka nini. Mimi nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, kwa sababu kichwa chake kilikuwa kimekuwa cheupe chote na mkono wake wa kulia ulikuwa bado na alama ya msumeno ya mwaka ule tulipojenga tela letu la kwanza, karibu na kidole gumba.

Nilimpikia wali na maharage na mboga ya kunde, akala mezani pamoja na vijana wangu na akawasimulia jinsi yeye na mpwa wake walivyojenga nyumba ya magurudumu kule Mogitu. Alisimulia vizuri, maana kusimulia anajua, ila alikosea mambo mengi. Alisema tela lilivutwa na gari. Alisema mlango wa nyuma ulikuwa wa bluu. Alisema lile wazo la gogo lilikuwa la mama yangu, na mama, kama angekuwepo, angelikana kwa nguvu zote. Sikumkatiza. Ila alipokwenda kujipumzisha nilivuta kiti kivulini, pembeni ya mashine ya kukatia chuma, nikaanza kuandika haya. Ni mwaka wake, lakini ni wangu pia, na mimi ndiye niliyeukumbuka kila siku kwa sababu ndio unaonilisha.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne katika shule ya bweni kule Mbulu, na matokeo yalipotoka yalikuwa ya aina ambayo watu wa nyumbani hawayataji wakati wa kula. Tulikuwa tunaishi wawili tu, mama na mimi, katika nyumba ya matofali ya kuchoma iliyotazamana na mlima Hanang. Nilikuwa naamka, nakamua, nachota maji, nafagia, halafu siku inabaki ndefu mbele yangu na sijui niifanye nini. Mama hakunisema. Angenisema ingekuwa nafuu. Jiko letu lilikuwa kibanda cha peke yake nyuma ya nyumba, mabati yake ya zamani yametobolewa na kutu, na mvua iliponyesha mama alipika akiwa amezungukwa na sufuria za kukingia matone. Ukisimama nje ulisikia sauti mbili, ya maharage yanayochemka na ya maji yanayodondoka. Mabati mapya alikuwa ameshayapata. Yalikuwa yameegemezwa ukutani chumbani kwake, nyuma ya kitanda, yamefungwa kwa kamba ya katani, na kila alipofagia aliyapangusa vumbi kama mtu anavyopangusa picha.

Mjomba alifika katikati ya mvua hizo akiwa na begi moja, redio, na jiko la gesi la mitungi midogo. Alikuwa mpishi wa watalii wanaolala kwenye mahema, na kampuni iliyomwajiri ilikuwa imefungwa. Aliweka vitu vyake sebuleni, akalala kwenye kochi miguu ikining'inia, na asubuhi ya kwanza akatupikia chapati za maji zenye asali. Mama alikula yake yote, akaomba nyingine. Jioni tukala makande na maziwa ya mgando, na ndipo mjomba akatueleza habari ya mtu na mkewe aliowahi kuwapikia, Wazungu waliokuja kutoka mbali sana wakivuta kijumba nyuma ya gari lao. Ndani mlikuwa na kitanda tu, mtu akiketi kichwa kinakaribia dari. Nyuma, kwa nje, ulifungua mlango wa kuelekea juu kama kifuniko cha sanduku, na chini yake lilikuwepo jiko zima: rafu, beseni la kuoshea vyombo, pipa la maji, mahali pa kukatia vitunguu.

"Hawana nyumba?" mama akauliza.

"Wana nyumba kubwa, dada. Niliwauliza. Ina vyumba hata vya kupotea."

"Sasa kwa nini walale ndani ya kabati?"

"Ili walale popote wanapopenda."

Mama alitafuna polepole. "Na huko wanatafuta nini?"

"Hawatafuti kitu. Wanapika chai, wanakaa, wanaangalia."

"Wanaangalia," mama akarudia, akaongeza maziwa kwenye bakuli lake. Nilidhani amechoshwa na maneno ya mdogo wake. Baadaye sana nilielewa kwamba alikuwa anafikiri.

Kesho yake mjomba alisogeza meza, akachukua kipande cha chaki kwenye mkoba wangu wa shule, akachora kile kijumba sakafuni kwa ukubwa wake halisi. Alilala chali ndani ya mistari kupima urefu wa kitanda, akaniambia nami nilale upande wa pili, tukaangalia dari ya sebule tukiwa mle ndani ya nyumba ya chaki. Mpango wake ulikuwa huu: watu wanakuja Katesh kupanda mlima, wanalala nyumba za wageni zenye kelele, sisi tutawapelekea chumba na jiko hadi chini ya mlima, na yeye atawapikia. Gari la kulivuta lingepatikana. Alivyosema "litapatikana" ilikuwa kama vile tayari analisikia likipiga honi barabarani. Sijawahi kuona mtu mzima akiwa na furaha ya namna ile juu ya kitu ambacho hakipo. Niliamka pale sakafuni nina chaki mgongoni, na kwa mara ya kwanza tangu matokeo yatoke nilitaka kesho ifike upesi.

Ekseli, chuma kinachoshika magurudumu mawili, tuliipata Katesh, kwenye uwanja wa mtu aliyekuwa na pikapu iliyokufa, magugu yameota hadi kwenye usukani. Mjomba alimpa redio yake, naye akatuongezea springi na ringi, na tukavirudisha vyote Mogitu juu ya mkokoteni wa punda wa jirani. Fundi wa kuchomelea wa mjini alituunga fremu. Mbao tulipasua kutoka kwenye mikaratusi ya mpakani mwa shamba. Kilichokosekana ni ngozi ya kulifunika tela zima, juu na ubavuni, na sote watatu tulijua ngozi hiyo iko wapi. Mjomba hakuwa na ujasiri wa kuitaja. Kwa wiki nzima alipita mbele ya mlango wa chumba cha mama akitazama upande mwingine. Mwishowe mama mwenyewe, akichambua mchicha, akasema bila kuinua kichwa, "Nikikupa mabati yangu, safari ya kwanza ni ya nani?"

Mjomba alisimama wima. "Ya kwako, dada."

"Mimi nataka kwenda Balangida."

Nilishangaa. Ziwa Balangida halikuwa mbali na sisi, lipo upande wa pili wa mlima, na sikujua kama mama analifikiria. Akatueleza, bado anachambua mchicha. Kwao ni juu, ukingoni mwa genge refu, upande wa Mbulu, na alipokuwa msichana akichunga mbuzi alikuwa akiliona ziwa lile chini kabisa, jeupe kama unga uliomwagika, kila siku ya Mungu. Watu walishuka kufuata chumvi wakapanda tena. Yeye hakuwahi kushuka. Aliolewa, akaja Mogitu akaishi upande huu wa mlima, na hapakutokea msiba wala harusi ya kumpeleka kule. "Na mtu haendi mahali kuangalia tu," akasema. "Au sivyo? Lakini wewe umesema wapo wanaokwenda." Akaosha mikono, akaingia ndani, akatoka na yale mabati bati kwa bati, akayalaza kwenye nyasi.

Kuanzia siku hiyo kazi haikuwa mchezo tena. Mjomba alikuwa mpishi na mimi mwanafunzi aliyeshindwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujenga kitu kikubwa kuliko banda la kuku. Tulikuwa tunayakata mabati ya jiko la mama kwa mkasi wa kuazima. Tulipima mara nyingi hata futi kamba ikafutika namba za mwanzo. Bati la kwanza tulilikata vibaya, likawa fupi kwa upana wa kiganja, tukakaa chini wote wawili kama watu waliofiwa. Mama alikuja, akaliangalia, akauliza kama linaweza kuwa la mlango. Likawa la mlango. Tuliupaka rangi ya kijani iliyobaki kwa jirani, kijani kabisa, mjomba aseme atakavyo.

Watu walipita njiani wakaongea. Siku moja nilikuwa nimelala chali chini ya fremu nakaza nati, wanawake wawili waliokuwa wakitoka mashineni kusaga wakatua mizigo yao karibu na ua wasijue nipo. Mmoja akasema ni banda la nguruwe la kutembezwa. Mwenzake akasema hapana, amesikia ni duka. Wa kwanza akasema kwa vyovyote, yule binti amepata cha kufanya, kwa sababu alipokuwa amekaa pale mlangoni kila siku ilikuwa inaumiza kumtazama. Waliinua mizigo wakaenda. Nilibaki pale chini, kutu inaniangukia usoni, spana mkononi, nikaona kwamba ni kweli: miezi ilikuwa imepita na sikuwa nimekaa mlangoni hata siku moja. Mikono yangu ilikuwa imekuwa migumu. Nilikuwa nalala kama jiwe na kuamka najua pa kuanzia.

Mavuno yalipokwisha na upepo wa baridi wa mlimani ukawa umetulia, nyumba ilisimama juu ya magurudumu yake. Ndani kulikuwa na kitanda cha mbao chenye godoro, dirisha dogo kila upande, na harufu ya mkaratusi mbichi. Nyuma, mjomba aliweka jiko la ndoto zake: rafu, beseni, jiko la gesi, pipa la maji lenye bomba. Siku tuliyoijaza maji na vyombo, mjomba alishika chuma cha mbele cha kukokotea, kile tulichokiita pua, kuonyesha jinsi linavyosukumika kirahisi. Mama akaenda nyuma kuona beseni. Akapanda kwenye ukingo wa nyuma ili achungulie rafu ya juu, na tela lote likalala nyuma kama ng'ombe anayeketi. Pua ikapaa. Mjomba akapaa nayo, vidole vya miguu vikigusa ardhi kidogo tu, ameng'ang'ania.

Mama alishuka taratibu, mjomba akarudi chini. Hatukucheka. Hata mtu asiyejua kitu angeona kwamba gari au mnyama yeyote atakayefungwa pale mbele atainuliwa njia nzima. Tulikuwa tumeweka ekseli katikati kabisa ya fremu, maana hapo ndipo ilipoonekana nzuri, halafu tukajaza uzito wote nyuma. Mjomba alisema tutaweka mawe mbele. Alisema kwa sauti ndogo, kisha akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Mama alitazama mabati yake yaliyotobolewa misumari pande zote, ambayo hayangeweza tena kuwa paa la kitu kingine, akasema anakwenda kuinjika ugali.

Nilibaki peke yangu na lile tela. Niliisukuma pua chini, ikapanda, nikaisukuma tena. Halafu nikawaza toroli letu la kubebea samadi. Mzigo ukikaa juu ya gurudumu, mikono haisikii kitu. Ukikaa mbali, mikono inakufa. Basi tatizo lilikuwa kujua mzigo wetu umekaa wapi hasa. Niliita watu wawili waliokuwa shambani jirani, tukamwita na mjomba, tukafungua magurudumu na kulishusha tela, halafu lote kama lilivyo, na maji yake na vyombo vyake, tukaliweka juu ya gogo nene la duara. Likaangukia nyuma. Tukalinyanyua, nikaviringisha gogo nyuma kidogo. Likaangukia nyuma tena. Tulirudia hadi mashati yakalowa, na kila mara nikipiga alama ya chaki kwenye fremu. Ghafla likasimama. Lilikaa juu ya gogo likitikisika taratibu, bila kuegemea upande wowote, kama mizani ya dukani. Mjomba alilizunguka akiwa ameweka mikono kichwani. "Ni hapa," nikasema, "na ekseli ikae nyuma zaidi ya hapa kidogo, ili pua iwe na uzito wa ndoo ya maji mkononi mwa mtu." Alinitazama kama mtu anayeniona mara ya kwanza, akauliza, "Nani kakufundisha?" Nikamwambia ni toroli.

Leo ninapofundisha kijana mpya ninaanza na gogo. Nina kifaa cha kupimia uzito siku hizi, na bado ninaanza na gogo, kwa sababu nataka aione ile dakika tela linapoacha kuanguka. Wengine wanatabasamu wakiiona na wengine hawatabasamu, na wale wanaotabasamu ndio ninaowabakiza.

Tulirudisha magurudumu, tukalikokota tela tupu hadi Katesh nyuma ya trekta la mtu wa Masakta aliyekuwa anapita. Yule fundi wa kuchomelea alikata mabano yote, vile vyuma vinavyoshika springi kwenye fremu, akayasogeza hadi kwenye alama zangu. Nilisimama karibu naye muda wote hata akachoka kunifukuza. Bano la mwisho lilipobaki alinipa kioo cheusi na kishikio cha waya wa kuchomelea, akasema, "Haya, mwenye tela, malizia." Nilishusha kioo na dunia ikawa giza tupu, kisha nikagusa chuma, na ndani ya giza lile likawaka jua dogo la buluu, na chini ya jua kilikuwepo kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka kinatembea pale ninapokipeleka. Mstari niliouchora ulikuwa mbaya, umejaa vinundu. Fundi aliupiga nyundo, akaukagua, akaupiga tena. "Mbaya, lakini umeshika," akasema. Nilitembea kurudi nyumbani njia nzima nikiona lile jua kila nilipofumba macho, na nilizungumza peke yangu kwa sauti.

Lile gari la mjomba halikupatikana. Aliyepatikana ni Gidamis, Mdatoga wa Gehandu ambaye mama alikuwa akibadilishana naye mahindi kwa mtindi na samli miaka mingi. Alikuwa na maksai waliozoea kulima. Mjomba alisitasita, maana katika mawazo yake kijumba kile kilivutwa na gari la maana, lakini mama alikuwa ameshafunga kanga zake na kuweka unga, chai, sukari na vitunguu kwenye rafu za nyuma. "Ahadi ilikuwa safari," akamwambia. "Gari ulilitaja wewe." Nilimwamkia Gidamis shikamoo, akaitikia, akatembea kulizunguka tela mara moja akiburuta fimbo yake ardhini. Akainua pua kwa mkono mmoja, akaiacha, akaiinua tena. Akawafunga maksai nira.

Tuliondoka jua likiwa bado dogo. Mama aliketi ndani, dirisha wazi, kitambaa kipya kichwani, akisalimia watu wa njiani kama bibi harusi. Mbele ya nyumba ya mmoja wa wale wanawake wa mashineni, wote wawili wakiwa nje, alimwomba Gidamis apunguze mwendo. "Mnakwenda wapi, Mama Vero?" mmoja akauliza. "Balangida." "Kuna nini?" "Hakuna kitu. Nakwenda kuangalia," mama akajibu, na tukapita. Mimi nilitembea pembeni ya gurudumu, nikisikiliza springi, nikiinama kila mara kutazama lile bano langu. Upande wa pili wa mlima barabara ilianza kuteremka kuelekea kwenye tambarare, na pale Gidamis akasimamisha maksai.

"Hiki hakina breki," akasema.

"Hakina," mjomba akakiri.

Gidamis alimwambia mama ashuke. Mama akajibu kutoka dirishani kwamba magoti yake hayawezi mteremko ule na kwamba mabati ni yake. Basi tulifunga tawi kubwa la mgunga nyuma kwa mnyororo ili liburute, mimi na mjomba tukashika kamba tuvute kinyume, tukaanza kushuka. Mwanzo ulikwenda vizuri, vumbi tupu. Katikati ya mteremko tawi likagonga jiwe, likakatika, na tela likawasukuma maksai kwa nyuma. Wakaanza kukimbia. Kamba ilinichubua viganja, nikaanguka, nikainuka, nikakimbia. Mlango wa jiko ulifunguka, sufuria zikatoka moja moja zikiviringika barabarani kunipita. Nilimwona Gidamis akikimbia mbele kabisa ya pembe zao, bila kupaza sauti, akiwasemesha kwa Kidatoga kama anavyosemeshwa mtoto, na akiwavuta kidogo kidogo kushoto hadi gurudumu likasugua ukingo wa udongo wa barabara. Lilisugua, likalalamika, udongo ukamwagika, likasimama.

Nilifika dirishani nikihema. Mama alikuwa ameketi sakafuni, mgongo umeegemea kitanda, kitambaa kimemwangukia usoni. Alikisogeza. "Tumefika?" akauliza. Mjomba, aliyekuwa amepauka kama majivu, akaanza kucheka, na mama naye akaanza, na kicheko chao kilipokuwa bado kinaendelea mimi nilishaingia uvunguni. Springi ilikuwa mahali pake. Ekseli ilikuwa mahali pake. Mstari wangu ule wa vinundu ulikuwa umejaa udongo. Niliufuta kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, na haukuwa na ufa hata mmoja. Sijui kama nimewahi kufurahi vile, na nimeolewa, na nimezaa. Nilibaki nimelala pale chini hata mjomba akaniita kwa wasiwasi.

Tulifika ziwani mchana umeanza kupoa. Maji yalikuwa mbali, na kabla ya maji kulikuwa na uwanja mpana mweupe uliokuwa ukivunjika chini ya miguu. Mama alivua viatu, akatembea juu yake peke yake hadi akawa mdogo. Tulimwona ameinama, ameonja kidole, ametema. Kisha akageuka, na kwa muda mrefu hakuangalia ziwa. Alikuwa anaangalia ule ukingo mrefu uliosimama juu yetu upande wa Mbulu, akitafuta. Aliporudi mjomba alikuwa ameshafungua jiko, amechemsha chai ya maziwa, anakaanga vitunguu. Mama alichukua kikombe, akanionyesha kwa kidole mahali fulani juu kabisa. "Kwetu ni pale, penye ile miti. Nilidhani ni juu sana," akasema. "Kumbe si juu sana." Alikunywa chai yake ameketi kwenye ukingo wa nyuma, na pua ya tela haikupaa. Akaomba kikombe cha pili.

Miaka iliyofuata wapanda mlima kadhaa walilala katika kitanda kile, mjomba akawapikia, na mmoja wao ndiye aliyempatia kazi ya kusini aliyoishi nayo hadi mwezi uliopita. Mama alikwenda na tela hilo mahali pengi, kuangalia tu, hadi alipokuwa hawezi tena. Na jiko lake nililiezeka mwenyewe, kwa mabati mazito kuliko yale ya kwanza. Lakini hayo yote yalikuja baada ya asubuhi tuliyoamkia pale ziwani.

Asubuhi hiyo nilimkuta Gidamis amechuchumaa mbele ya gurudumu, mgolole wake umemfunika hadi magotini. Maksai wake walikuwa wanakula kando. Alipapasa tairi, akapapasa springi, akamgeukia mjomba aliyekuwa akiosha vyombo.

"Jana wanyama wangu hawakuchoka," akasema. "Mkokoteni wangu wa maji unawaua kila siku. Nataka kitu kama hiki. Bila kitanda. Cha mapipa."

Mjomba alifuta mikono, akafungua mdomo. Alikuwa na tabia ya kusema ndiyo kabla mtu hajamaliza. Safari hii aliufunga mdomo, akaangalia upande wangu, na Gidamis akafuata macho yake. Mama, aliyekuwa akifunga kitambaa chake dirishani, aliacha kufunga.

"Nitakitengeneza," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, nikairudia. "Nitakitengeneza mimi. Mapipa yatakaa juu ya magurudumu. Lakini nataka kujua nira yao iko juu kiasi gani kutoka chini."

Gidamis akasimama, akapiga mluzi mdogo, akawaleta maksai, akawasimamisha bega kwa bega mbele yangu. "Pima," akasema. Nilichukua futi kamba mfukoni, nikavua viatu kwa sababu ya matope ya chumvi, nikaingia katikati yao. Mmoja alinipumulia shingoni wakati nasoma namba.